Theluji Haina Mkataba

Mwanangu, ujumbe wako nimeupata. Picha ya nyumba ya mbao iliyozama kwenye theluji hadi madirishani nimeiona, na watoto wako nimewaona pia, wamevaa makoti mazito ndani ya joto la Dar es Salaam wakijaribu kama yanawatosha. Unasema wewe na mwenzako mmeweka akiba kwa miaka miwili, mnataka kwenda kuteleza kwenye theluji ya milima ya Alpi. Na kwa kuwa mjomba wako alichuma riziki yake huko kwa karibu miaka thelathini, unaniuliza mji gani, mwezi gani, na fedha kiasi gani.

Nimechoka, mwanangu. Magoti yaliyobeba sahani na kuzoa theluji kwenye bonde la Chamonix, Ufaransa, leo hayapandi hata kilima cha hapa kwetu Marangu bila kupumzika mara tatu. Uchovu mwingine si wa mwili. Ni uchovu wa kusema neno lile lile kwa kila mgeni aliyefika na picha mkononi, kisha kumwona akiondoka amenuna kwa sababu mlima haukufanana na picha yake. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, nitalisema tena. Kwenda sikukatazi. Nakuomba uende kama mtu aendaye ugenini, wala usiende kama mtu aendaye dukani.

Tuanze na theluji yenyewe, maana ndiyo inayowapeleka. Utalipia ndege, chumba, tiketi ya magari ya waya yanayopandisha watu mlimani, viatu na mbao za kukodi, na mwalimu. Kila kimoja kitakuwa na risiti yake. Theluji haimo kwenye risiti hata moja. Haikuweka sahihi popote, na hakuna mwenye hoteli anayeweza kuiwekea sahihi kwa niaba yake.

Hili nililijua tangu mwaka wa kwanza. Nilifika bonde lile mwishoni mwa 1988, nikiwa nimejiandaa kwa weupe niliosimuliwa, nikakuta majani ya kahawia na mawe. Hoteli iliyoniajiri ilipunguza watu kabla Januari haijaisha, nami nilibaki kwa sababu mwosha vyombo ndiye aliyelipwa kidogo kuliko wote. Wazee wa pale walisema ni mkosi, utapita. Majira yaliyofuata yakawa vivyo hivyo. Baadaye theluji ilirudi, miaka mingine kwa kishindo, na watu wakasahau upesi. Binadamu akishiba hakumbuki njaa ya jana.

Ila joto halikusahau. Milima ya Alpi imepata joto la karibu nyuzi 2 tangu enzi za kabla ya viwanda, takriban mara mbili ya wastani wa dunia nzima. Mwanzoni mwa Januari 2023 hali ya hewa ilikuwa ya uvuguvugu hata miji mingi ya chini ikafunga njia zake katikati ya sikukuu. Kule Adelboden, Uswisi, mashindano ya Kombe la Dunia la kuteleza kwenye theluji yalifanyika juu ya utepe mweupe wa theluji ya kutengenezwa, huku na huku majani mabichi. Mwaka huo huo watafiti walitoa hesabu ya vituo 2,234 vya kuteleza vya Ulaya. Dunia ikifikia ongezeko la nyuzi 2, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji, kama havitengenezi ya kwao. Ikifika nyuzi 4, ni asilimia 98.

Kwa hiyo usiniulize jina la mji. Uliza mwinuko wake. Kitzbühel ya Austria ina sifa zilizoenea duniani kote, lakini mji wenyewe umekaa kwenye mita 760 tu. Val Thorens ya Ufaransa haina majumba ya kihistoria ya kujivunia, lakini imejengwa kwenye mita 2,300. Tafuteni mahali ambapo njia nyingi za kutelezea ziko juu ya mita 2,000, hata kama jina lake halitamshangaza jirani yako. Na hata huko juu msijigambe. Zermatt ina magari ya waya yanayofika mita 3,883, na husifika kwa kutelezwa mwaka mzima, lakini mwishoni mwa Julai 2022 walilazimika kusimamisha mchezo kwa kuwa barafu ilikuwa imeyeyuka mno.

Mwezi nao una adabu yake. Krismasi na Mwaka Mpya ni wakati wa bei kubwa na theluji ya kubahatisha. Februari Wafaransa hugawa likizo za shule kwa kanda tatu, kwa hiyo wiki kwa wiki foleni haziishi. Wiki za katikati ya Januari ni tulivu, ila ni baridi kali kwa watoto wasioizoea. Ningekuwa mimi ningengoja Machi: siku zimerefuka, jua lina huruma, na huko juu theluji bado ina kina. Nyumba nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na barabara za siku hiyo hujaa kama njia ya Moshi siku za mkesha wa Krismasi. Ombeni mapema kuingia siku nyingine, na kabla ya kulipa someni sharti la kurudishiwa fedha kama njia zitafungwa.

Najua utaniambia: "Mjomba, siku hizi si wanatengeneza theluji?" Wanatengeneza. Nami nimewahi kufanya kazi hiyo. Majira mawili nilikuwa katika kikosi cha usiku, tukizunguka na mizinga inayopuliza maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa, vitone vikiganda kabla ya kufika chini. Asubuhi mgeni alifungua pazia akaona mlima mweupe, akamshukuru Mungu, na sisi tulikuwa ndiyo kwanza tunavua glavu. Usione vyaelea, vimeundwa. Maji hayo hutoka kwenye mabwawa yaliyochimbwa mlimani, umeme wake ni mwingi, na kazi yote hutegemea baridi. Joto lisiposhuka chini ya sifuri kiasi cha kutosha, au hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, mizinga hukaa kimya hata mwenye kituo awe tajiri namna gani. Italia leo karibu asilimia 90 ya njia zake zina mitambo hiyo. Februari 2020, kituo kimoja cha milima ya Pirenei, Luchon-Superbagnères, kililetewa theluji kwa helikopta ili watoto wa likizo wapate pa kujifunzia. Nilisoma habari ile nikaweka gazeti chini. Yanayoiyeyusha theluji ndiyo hayo hayo yaliyotumwa kwenda kuileta.

Siwalaumu waliofanya hivyo. Kituo kikifungwa, mwalimu, mpishi na dereva wote hulala njaa, na njaa haina subira. Nalaumu mazoea yetu sisi wageni, ya kudai mlima utimize tulichokwisha kukilipia.

Hapo ndipo nataka unisikilize zaidi. Ulipoona picha ya nyumba ile ya mbao, hukumwona anayeifagia. Katika miji ile, nyumba nyingi zina wenyewe wanaokuja wiki tatu kwa mwaka, na wanaofanya kazi mwaka mzima hawapati pa kupanga. Nimelala miaka miwili katika chumba cha chini ya ardhi, vitanda vinne, dirisha moja. Nimefanya kazi na vijana waliolala ndani ya magari yao Januari nzima. Uswisi jambo hili liliwakera wananchi mpaka mwezi Machi 2012 wakapiga kura kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 katika kila halmashauri. Na fedha za mbali zinaendelea kuingia: kampuni ya Kimarekani ya Vail Resorts ilichukua sehemu kubwa ya kituo cha Andermatt-Sedrun mwaka 2022, kisha ikaenda Crans-Montana. Wako wanaoona ni neema, wako wanaoogopa bei. Wewe mgeni hutaamua ugomvi huo, lakini utakanyaga katikati yake.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kipime kila unachopanga kwa neno hilo. Laleni kwenye nyumba ya wageni inayoendeshwa na watu wa pale, kama mtaipata. Nunueni jibini na mkate kijijini, msibebe masanduku ya chakula kutoka mjini. Kabla hujauliza bei, salimia: sema "bonjour" upande wa Ufaransa, "grüezi" upande wa Waswisi wanaozungumza Kijerumani. Mzungu wa milimani ni kama Mchagga wa vijiji vya juu, ukimrukia na swali bila salamu hukujibu kwa nusu mdomo. Na yule anayeinama kuwafunga watoto wako viatu vya skii, kama alivyowafunga wengine arobaini siku hiyo, mwangalie usoni na umshukuru.

Sasa hatari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii nimeiona ikipita mbele yangu juu ya machela, mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Tarehe 9 Februari 1999, baada ya siku nyingi za theluji isiyokatika, poromoko liliangukia kijiji cha Montroc, juu kidogo ya bonde letu. Watu 12 walikufa, na walikuwa ndani ya nyumba. Wiki mbili baadaye, huko Galtür, Austria, poromoko jingine liliua watu 31. Usiku ule wa Montroc tulipika supu ya waokoaji mpaka alfajiri, wakaingia jikoni wakala wamesimama, na hakuna aliyezungumza. Tangu siku hiyo sijawahi tena kuiita theluji nyingi "nzuri" kabla ya kusikia taarifa ya asubuhi.

Taarifa hiyo hutolewa kila siku majira ya baridi, na hatari ya maporomoko hupimwa kwa namba 1 hadi 5. Msiogope 5 peke yake. Namba 3 ndiyo iliyozika wengi, kwa kuwa 4 huwatisha watu na 3 huwadanganya. Ninyi ni wanafunzi, basi msitoke nje ya njia zilizowekewa alama hata kwa hatua kumi, hata mkiona nyayo za wengine. Ufaransa rangi ya kijani ni ya wanaoanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi. Uswisi, Austria na Italia kwa kawaida ngazi huanzia buluu. Aliye chini yako ana haki ya njia, wewe uliye juu ndiwe unayepaswa kumkwepa. Kila mmoja wenu avae helmeti. Italia sasa ni sheria kwa watu wa umri wote, na huko huruhusiwi kuteleza bila bima ya kumlipa utakayemgonga. Namba ya dharura ni 112.

Mchukueni mwalimu, msijifunze kwa video. Na msione haya kuanguka. Kumbuka Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyekwenda Finland mwaka 1996 kujifunza mchezo wa theluji asiyoijua, na miaka miwili baadaye akashiriki Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka kwenda kuchukua medali yake mpaka Boit afike, akamkumbatia kwenye utepe. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mlima una watu wa namna hiyo bado. Hukutana nao yule aliyekwenda kwa unyenyekevu.

Mambo ya karatasi nitayapitia upesi. Ombi la viza ya Schengen lipelekwe mapema: huruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siku 15 ndiyo mwisho kabisa. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, lakini bima ya viza peke yake isikutulize. Soma maandishi madogo uone kama inakubali michezo ya theluji na gharama za kuokolewa mlimani, maana bima nyingi za kawaida huviacha nje. Na tangu Oktoba 2025 mipaka ya huko imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni wanapoingia, kwa hiyo msipange treni ya dakika ishirini baada ya ndege kutua.

Nimesema treni kwa makusudi. Chini ya paa la uwanja wa ndege wa Geneva pana stesheni, na kwa reli utafika Chamonix. Zermatt ndiyo kabisa, gari la mgeni haliingii, huachwa Täsch. Moshi mkubwa wa safari yenu utakuwa wa ndege, na huo hauna dawa kutoka Dar es Salaam. Lakini ukishavuka bahari, kaa. Safari moja ya siku kumi na nne ina heshima kuliko safari mbili za wiki moja.

Na siku hizo kumi na nne usizijaze kuteleza. Panga tano au sita. Nyingine tembeeni kwa miguu, watoto wateleze kwa vigari vya mbao, ingieni kanisa dogo la kijiji, kaeni na wazee. Ukipanga hivyo, theluji ikikosekana hutarudi na kinyongo. Tena nendeni mkaone vijiji vilivyokwisha kukubali ukweli. Métabief, kwenye milima ya Jura, walitangaza kwamba walikuwa wakijiandaa kuacha kuteleza kwa mteremko kati ya 2030 na 2035, na wanatafuta maisha mengine mlima ungali unawavumilia. Kule Grand-Puy, kusini mwa milima ya Alpi, mwaka 2024 wananchi wenyewe walipiga kura kukifunga kituo chao. Mtu aliyewahi kuuza ng'ombe wa mwisho zizini anaelewa kura ya namna hiyo. Sahani ya chakula utakayonunua katika vijiji hivyo ina uzito kuliko sahani kumi za Kitzbühel.

Sasa ombi langu moja, na hili si ushauri.

Mkiwa Chamonix, pandeni kitreni chekundu cha meno kinachokwenda Montenvers. Reli hiyo ilifika pale mwaka 1909, kwa kuwa wageni walitaka kuuona mto wa barafu unaoitwa Mer de Glace, yaani bahari ya barafu. Wakati huo barafu ilijaa bondeni karibu na miguu ya watazamaji. Mwaka 1988, nilipofika, walikuwa wamejenga magari ya waya ya kuwateremsha wageni, na kutoka hapo zilibaki ngazi chache tu kuifikia barafu. Kila mwaka ikazama, kila mwaka wakaongeza ngazi. Nilipoondoka zilikuwa mamia, na baadaye zikapita 500. Mwaka 2024 wamefungua magari mapya, juu zaidi bondeni, kuifuata barafu inakokimbilia.

Kando ya njia ya kushuka wamebandika vibao kwenye mwamba, kimoja kwa kila kimo ilichofika barafu mwaka fulani. Kitafute cha 1985, mwaka aliokuzaa dada yangu. Waweke watoto wako hapo, migongo yao kwenye mwamba, kisha waambie watazame chini na wakuonyeshe barafu iko wapi. Usiwaelezee kitu. Wataelewa.

Mimi nilisimama pale mara nyingi siku za mapumziko, na kila mara niliikumbuka Kibo, kilele cha Kilimanjaro yetu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliandika kwamba ameona theluji juu ya mlima wetu. Wasomi wa Ulaya wakambishia kwa miaka, wakisema theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wazee wetu waliokuwa wakiitazama kila asubuhi hakuna aliyewauliza. Tangu 1912 mpaka leo, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imetoweka, na UNESCO inatarajia kwamba kufikia 2050 barafu zote za Afrika zitakuwa zimekwisha: Kibo, Mlima Kenya na Rwenzori. Watoto wako watakuwa watu wazima wenye watoto wao.

Ndiyo maana sikukatazi kwenda, mwanangu. Nenda, maana wao wanapaswa kuigusa theluji kwa mikono yao ili wajue ni kitu gani kinachotuaga. Ila ukirudi usiniletee zawadi. Niletee watoto. Waje walale hapa, niwaamshe kabla wingu halijafunika mlima, tuketi barazani na uji. Nitawaonyesha kwa kidole barafu ilipokuwa ikifika nilipokuwa na umri wao, maana huku kwetu hakuna aliyebandika kibao.